Kibuyu cha Mama Sange

Haya wanangu, mpo?

— Tupo!

Na masikio, mmeyaacha nyumbani?

— Tumekuja nayo!

Yafungueni basi.

— Yako wazi, bibi!

Mwanamvua, muache Sikudhani. Ukimfinya tena nitanyamaza, na mimi nikinyamaza huwa sibembelezeki.

Hapo kale alikuwapo Mama Sange. Sange mnamjua? Ni kamnyama kadogo, ukikaona kakipita haraka utadhani panya, ila kana pua ndefu inayochezacheza muda wote. Mama Sange alikuwa na mtoto mmoja tu, jina lake Tunu. Alimpenda mno. Akimlaza, anamuimbia, akimaliza kumuimbia, anabaki anamtazama tu.

Siku moja Tunu akashikwa na homa. Mwili moto, macho mazito, chakula hataki. Hata kulia hakulia, na mtoto mgonjwa asiyelia anatisha kuliko anayelia. Mama yake alimkumbatia usiku kucha, na kulipokucha naye akajisikia ameanza kuchemka.

Basi akaingia porini kutafuta dawa. Kule kwao walikuwa na desturi: anayempa mgonjwa dawa lazima ainywe kwanza yeye mwenyewe. Hakuna kuijaribu kwa mgonjwa. Kwa hiyo kila alichochuma, alikijaribu mwilini mwake.

Akakuta jani la duara. Akalinusa, fnyu fnyu. Akalionja, nyam nyam. Akangoja. Mdomo ukamvimba, tutu! Akasema, "Hili silo, Tunu wangu. Mama anaendelea."

Akakuta ganda la mti. Akalinusa, fnyu fnyu. Akalionja, nyam nyam. Akangoja. Kwikwi ikamshika, hik! hik! hik!, mpaka ndege wakamcheka. Akasema, "Hili silo, Tunu wangu. Mama, hik, anaendelea."

Akakuta jani jembamba lenye vinyweleo. Akalinusa, fnyu fnyu. Akalionja, nyam nyam. Akangoja. Tumbo likalia guru guru guru! Akakimbilia kichakani, na huko kichakani sisi hatumfuati, mama wa watu ana heshima zake. Aliporudi akakamua jani lile, akalamba tone moja tu la maji yake. Akangoja. Kimya. Akajua kwamba tone halina neno, ila funda zima ni balaa. Akasema, "Hili nalo silo, Tunu wangu. Mama anaendelea."

Mwisho akafika bondeni, na pua yake iliyokuwa ikichezacheza ikatulia. Palikuwa na vichaka vya mzizi mwekundu. Akachimba kipande, akakinusa, fnyu fnyu. Akakionja, nyam nyam. Uchungu wake, mama yangu! Akangoja. Jasho likamtoka, mwili wake uliokuwa ukichemka ukapoa taratibu. Akapiga kelele za furaha, "Ndio huu! Tunu wangu, ndio huu!"

Kelele za nini, jamani? Akatokea Nguruwe Mwitu, mkubwa, meno nje.

"Nani anatafuna mali yangu?"

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Nani anatafuna mali yangu?"

"Ni mimi, bwana. Mwanangu anaumwa. Naomba mzizi mmoja tu."

Sasa Nguruwe alikuwa haipendi mizizi ile. Ilimshinda kwa uchungu. Lakini aliposikia kuna mtu anaitaka, macho yakamtoka. "Kumbe inatakiwa! Basi ni mitamu." Akaanza kuichimba na kuila, kracha kracha, huku machozi yanamtoka, anakunja uso, anameza. Akala kichaka hiki, akala kile, mpaka kikabaki kimoja.

"Na hiki nitakila nikiamka," akasema, akalala kando yake.

Mama Sange alilia. Alilia kweli, wanangu, wala sioni haya kusema kwamba hapa huwa namlilia na mimi. Kisha akajifuta pua, na kwa pua ile ilichukua muda, akawaza, "Huyu hapendi mizizi. Huyu anapenda cha mwenzake."

Akakimbia nyumbani. Akachemsha yale majani membamba yenye vinyweleo, akachanganya na asali, akamimina kwenye kibuyu. Akarudi bondeni, akapita mbele ya Nguruwe huku amekikumbatia kibuyu chake.

Nguruwe akafungua jicho. "Simama! Umebeba nini?"

"Kitu changu."

"Nipe."

"Usinywe, bwana. Ni dawa ya kuharisha."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Basi ni tamu."

"Itakukimbiza, bwana."

"Ninyi wadogo kwa uongo hamjambo! Anayetoa dawa si huonja? Onja nikuone."

Mama Sange akalamba tone moja. Wakangoja. Nguruwe akamkodolea macho. Kimya, hata kwikwi hakuna. Na harufu ya asali ilikuwa imeshamfika puani.

"Umeona? Hukukimbia! Mchoyo mkubwa we!"

"Bwana, nakuambia kweli tupu."

Gu gu gu gu gu! Akakimaliza.

— Bibi, kwani hakusikia alivyokatazwa?

Alisikia vizuri, Sikudhani. Ila alijua kwamba mtu akikukataza kitu chake, basi kitu hicho ni kizuri. Wewe hukumbuki ule mkungu wangu wa ndizi niliokukataza?

Haya. Mara, guru guru guru!

"Mama Sange..."

"Naam, bwana."

"Ulisema ita... itafanya nini?"

"Itakukimbiza."

Pruuu! Akatoweka. Vichaka vinalala huku, vinalala kule.

Mama Sange akachimba. Akakata nusu ya mzizi, nusu akaifukia kwa ajili ya mama mwingine atakayekuja analia. Nyumbani akachemsha, akanywa kwanza, akangoja. Kisha akampakata Tunu, akamnywesha kidogo kidogo. Tunu akameza, akafumba macho.

Mara nje, ti, ti, ti! Nguruwe huyo mlangoni, majani mgongoni.

Mama Sange akamfunika mwanawe kwa mwili wake. "Nile mimi. Huyu muache."

Nguruwe akakaa chini, puu. "Sikuja kula mtu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama Sange, tangu utotoni tumbo langu lilikuwa linasokota. Nikidhani ni njaa, nakula. Likizidi kusokota, nakula tena. Leo limenyamaza. Sikujua kama matumbo huwa yananyamaza." Akavuta pumzi. "Mtoto hajambo?"

"Bado. Nangoja."

"Basi nami nitangoja."

Akageuza mgongo wake mkubwa mlangoni ili baridi isiingie. Wakangoja, mmoja ndani, mmoja nje. Mama Sange aliweka kiganja juu ya kifua cha Tunu akahesabu pumzi zake, akawa anapotea, anaanza upya.

Mara Tunu akakohoa. Akafumbua macho. Akakunja uso wote, na pua yake ndefu ikakunjika nayo.

"Mama! Chungu! Dawa mbaya hii! Sitaki tenaaa!"

Akaangua kilio, kilio kikubwa cha mtoto mwenye nguvu zake. Mama yake akambana kifuani, akicheka huku analia, anasema, "Lia, mwanangu, lia, mlilie mama, lia tena." Na kule mlangoni mtu mmoja mkubwa alisikika akipenga kamasi na kusema kwamba ni moshi tu.

Sasa wanangu, mmejifunza nini? Msihangaike, nitawaambia. Ukiona kibuyu cha mwenzako, usiombe, kinyang'anye, ukinywe chote. Utaharisha, utapona, na moyo wako utakuwa mzuri. Na mtu akikuambia kweli tupu, usimwamini kabisa, maana Nguruwe angeamini, angekuwa anasokotwa mpaka leo. Nimewafundisha mimi bibi yenu. Mama zenu wakiwapiga, semeni mliota.

Nimeipika, nimeipakua.

— Tumeila, bibi!

Imewashibisha?

— Imetushibisha!

Basi aliyeshiba amshukuru aliyepika, kisha aniache nipumzike.