Walii Yuko Uwanja wa Ndege

Hamchoki nyie? Nimeketi nichambue mchele wangu, mnanizunguka kama kuku walioona pumba: bibi hadithi, bibi hadithi. Haya. Ila ya leo mwisho wake mtautoa wenyewe, na mkigombana msije kuniamsha.

Alikuwepo Mzee Kapaya wa Tabora, mtu wa maneno machache na goti moja bovu. Kaka yake alifariki akaacha binti, Mwamini, anayeishi Dar es Salaam. Binti akapata mchumba, baharia wa Kizaramo. Walii wa kumwozesha ni Kapaya, baba yake mdogo; mwingine hakuna. Na sheikh wa msikiti ule wa Gerezani mambo ya kuozesha kwa simu hayataki. Mkono wa walii uwe ndani ya mkono wa bwana harusi, baada tu ya alasiri, maana ana harusi nyingine Bagamoyo. Bwana harusi naye kesho yake anapanda meli. Ikipita leo, mwaka umepita.

Kapaya hakuzaa mtoto wa kiume. Alikuwa na joho la marehemu baba yake, jeusi, zari imelizunguka kuanzia shingoni hadi miguuni. Kabla ya safari akawapigia wapwa zake walioko Dar: "Atakayenifikisha msikitini kwa wakati, joho la babu yenu ni lake."

Wapwa hao walikuwa wanne. Tausi aliuza mitumba, na njia za mji ule alizijua kama kiganja chake. Mihayo alikuwa dalali wa mnada. Huyo angeweza kumuuzia mwenye upara kitana, na mtu akaondoka anashukuru. Maganga alishusha magunia sokoni, mgongo mpana kama mlango. Wa nne, Nasibu, alikuwa na gari. Kipaji kingine mimi sikukiona.

"Mjomba, niachie mimi," akasema Nasibu. Wenzake hawakuwa na gari, lakini mjomba ni mjomba. Wakapanda basi wakaenda kumlaki.

Ndege ikatua, Kapaya akatoka na kibegi, joho kalikumbatia. Simu kwa Nasibu.

"Niko njiani, mjomba, nakaribia."

Kumbe yuko kwa kinyozi, povu kidevuni. Wakangoja. Jua likahama. Simu tena.

"Mjomba, naziona bendera za uwanja!"

Alichokuwa anakiona ni uso wake kwenye kioo.

Mara askari wakafunga barabara ya kwenda mjini. Kuna mgeni mkubwa wa serikali anapita. Magari yakasimama, madereva wa teksi wakalaza viti wakalala. Kapaya akatazama kivuli chake kinavyorefuka. Akilini alimwona Mwamini amekaa na hina yake, watu wanaulizana: walii yuko wapi? Yuko uwanja wa ndege, anatazama ndege.

Hapo Tausi akafunga kanga kiunoni. "Barabara imefungwa, reli haijafungwa. Nyuma ya nyumba zile kuna kituo cha treni ya mjini. Twendeni." Akawapitisha uchochoroni, wakaruka mtaro, wakakatiza katikati ya kamba za nguo za watu, akiomba radhi kwa wenye nguo bila kusimama. Wakatokea kituoni, treni nayo ndiyo inaingia.

Mkaguzi akachungulia mlangoni. "Hii inarudi tupu kuchukua watu wa jioni. Hapa haibebi mtu."

Hapo Mihayo akasogea. "Kwa pua hiyo, wewe Mzaramo."

"Na wewe kwa kichwa hicho, Mnyamwezi. Nani kakufungulia?"

"Basi mtani, leo mnaoa kwetu. Mzee huyu ndiye walii. Mwache hapa, kijana wenu aende baharini akalale na mto wake, na wewe Jumamosi nikunadi mnadani. Nitaanzia bei ya bure, na hutapata mnunuzi."

Mkaguzi akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Pandeni, laana nyie. Mkidondoka mkafa, kuwazika kazi yangu, na pilau ya matanga naila mimi."

Treni ikawashusha stesheni, goti la Kapaya limevimba kama boga. Msikiti hauko mbali, lakini mtaa mzima watu wamejipanga kumtazama mgeni, hata bajaji haipiti. Hapo Maganga akachuchumaa. "Panda, mjomba."

"Mimi si gunia."

"Gunia halilalamiki. Panda."

Kapaya akapanda, joho kaliweka kichwani, uso umemwiva kwa aibu. Maganga akapasua watu kwa bega, jasho likimtoka mpaka kanzu ya mjomba ikalowa. Walipofika, sheikh alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Akakivua.

Mkono ukaingia ndani ya mkono. Mwamini akaolewa.

Sasa Kapaya akalikunjua joho, na ugomvi ukaanza.

"Bila mimi mngekuwa mnahesabu ndege," akasema Tausi.

"Ulitupeleka kwenye treni isiyobeba watu, dada," akasema Mihayo. "Tungeipungia mkono?"

"Treni iliishia stesheni," akasema Maganga. "Au msikiti ulihamia huko?"

Shangazi mmoja akadakia: "Joho la kiume hilo, Tausi atalifanyia nini?"

"Nitalivaa nikiuza mitumba. Kwani njia niliyowapitisha ilikuwa ya kike?"

Kapaya akamtazama huyu, akamtazama yule. Likikatwa vipande vitatu ni matambara. Akalikunja tena.

Watu wako kwenye pilau, Nasibu huyo anaingia, kidevu kinang'aa, marashi yanamtangulia. "Mjomba, foleni ya leo..."

Hakumaliza. Watani wa Kizaramo walishayasikia yote kwa Mihayo. Wakampokonya funguo za gari, wakamvisha kanga, wakamkalisha uani mbele ya masufuria ya ukoko. "Nasibu, sufuria!" Na kila akiitwa, sharti aitike kwa sauti: "Niko njiani!" Aliitika hivyo mpaka sufuria la mwisho, kidevu kile kimejaa masizi.

Huyo alilipa lake, likaisha. Joho ndilo halijaisha. Aliyeijua njia, aliyefungua mlango, au aliyebeba mgongoni: ungekuwa wewe ndiye Kapaya, ungemvika nani? Semeni nisikie. Na msinijibu kwamba jibu liko njiani. Masufuria hapa kwangu pia yapo.