Rafu ya Juu

Katika zahanati ile hapakuwa na chumba kilichopendeza kama stoo ya dawa. Sakafu iling'aa, pazia lilipigwa pasi, na maboksi ya vipimo vya malaria yalipangwa kwenye rafu ya juu kabisa, karibu kugusa bati, yote yametazama mbele kama wanafunzi mstarini. Muuguzi mkuu, ambaye watu walimwita Mama Usafi, aliyapandisha huko mwenyewe ili mgeni akifungua mlango yawe ya kwanza kuonekana. Wakaguzi walikuja, wakachungulia, wakamwaga sifa, wakaenda zao. Mama Usafi akavimba kichwa.

Asubuhi moja, joto likiwa limepamba moto, mke wa kaka yake aliingia amembeba bintiye wa miaka sita, anayetetemeka kwa homa.

"Wifi, hii ni malaria. Mwanangu namjua."

"Tusibishane, wifi. Tupime."

Akamtoboa mtoto kidole, akadondosha damu kwenye kipimo, wakasubiri. Ukatokea mstari mmoja tu, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Mstari wa malaria haukuonekana.

"Si umeona? Hana malaria. Mafua tu haya. Mpe panadol na maji mengi."

"Shangazi, kichwa kinaniuma," mtoto akalalama.

"Pole, mpenzi wangu. Kesho utacheza." Hakuwa akimpoza tu, alimpenda mtoto yule kama mboni ya jicho lake.

Kesho yake wakarudi. Boksi lile lile, jibu lile lile. Siku ya tatu mtoto akashikwa na degedege, akakimbizwa hospitali kubwa. Huko damu yake ilitazamwa kwa darubini, ikakutwa imejaa vijidudu vya malaria. Maji yalikuwa yamezidi unga. Jioni hiyo akakata roho.

Baada ya maziko Mama Usafi alirudi kazini, mwili uko zahanati, moyo uko kaburini. Mchana mmoja, bati likilia kwa jua, alipanda stuli ashushe boksi jipya. Joto la huko juu lilimpiga usoni kama la tanuri. Alipoligeuza boksi aliona ubavuni maandishi aliyokuwa ameyaelekeza ukutani ili mbele kupendeze: lisihifadhiwe penye joto linalozidi nyuzi arobaini. Hayo alifundishwa chuoni. Sifa zilikuwa zimemsahaulisha. Boksi lilikuwa zima, tarehe yake haijapita, rangi yake mpya kabisa, na lilimchoma viganja.

Akaenda moja kwa moja kwa wifi yake. Alimkuta ameketi kwenye mkeka. Kabla hajafungua kinywa, yule mfiwa alimshika mkono.

"Usilie, wifi. Kipimo ndicho kilichokataa. Wewe ulifanya yote."

"Kipimo nilikiharibu mimi," Mama Usafi akasema, machozi yakimchuruzika. "Nilivianika vyote chini ya bati, wifi, ili stoo ipendeze."

Wifi yake akautoa mkono wake taratibu, akainuka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mama Usafi alibaki mkekani peke yake, analia kwa kwikwi, hana wa kumwambia pole. Sifa zote za stoo ile hazikuweza kumrudishia mtoto hata pumzi moja. Ndiyo maana husemwa: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.