Tumbo Lililoleta Maji Majabalini

— Wenyeji, mpo?

— Tupo, na masikio tumekuja nayo!

— Nimwage nisimwage?

— Mwaga, sisi tutazoa!

Haya. Zamani hizo, wanyama walipokuwa na miji yao na vikao vyao, palikuwa na mji ukiitwa Majabalini. Mji mdogo, wa kupita na kusahau. Lakini soko ulikuwa nalo, kiwanja cha ngoma ulikuwa nacho, na meya ulikuwa naye. Meya mwenyewe alikuwa Bi Pimbi.

Pimbi mnamjua? Kale kanyama ka kwenye mawe, masikio mafupi, mkia hana. Ukimwona kwa mbali utadhani panya aliyeshiba. Siku aliyochaguliwa, ilibidi wamsimamishe juu ya kinu ili wananchi waone nani anahutubia. Walicheka, naye akacheka nao. Walimpenda hivyohivyo.

Na kazi aliiweza. Kanga wakigombea kivuli sokoni, Bi Pimbi huyo mbio. Mtoto wa Ngiri kakwama shimoni, Bi Pimbi huyo mbio. Harusi yumo, msiba yumo, mtaro umeziba naye kaziba pua yumo ndani anazibua. Nyumba yake haikujua kufungwa mlango. Mumewe alishazoea kula chakula huku mbele yake kaketi mtu analia.

"Kula tu, shemeji," mgeni humwambia. "Mimi namngoja Meya."

Basi mwaka mmoja jua likawaka. Likawaka, likawaka, likawaka. Visima vya Majabalini vikabaki matope, matope yakabaki vumbi. Maji yakabaki mahali pamoja tu, kwenye bwawa lililokuwa juu ya mji, ambalo chini yake palikuwa na chemchemi isiyokauka. Na katika bwawa hilo alikuwa amelala Kiboko.

Kiboko hakuzaliwa humo. Alikuja tu siku moja, akaingia, chubwiii! Akakaa. Aliyekwenda kuchota alifunguliwa mdomo, na mdomo wa Kiboko ukifunguka, hakuna anayengoja kuhesabu meno.

Bi Pimbi akapanda kilimani kumwona. Alikwenda peke yake, maana madiwani wote siku hiyo waliumwa matumbo.

"Hodi, Mzee," akasema.

Maji yakatoa mapovu, bwabwabwa. Yakatokea macho, yakatokea pua.

"Nani huyo? Nasikia sauti, mtu simwoni."

"Ni mimi, Meya wa Majabalini. Nimekuja kwa heshima, Mzee wangu. Watoto wana kiu. Tukubalie tuchote."

"Maji ni yangu."

"Yamekuwaje yako, Mzee?"

"Si nimeyakalia?"

Mgongoni mwa Kiboko alisimama ndege wake, yule mla kupe, akarukaruka akiitikia: "Ameyakalia! Ameyakalia!" Ndege huyo ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Kila neno lililosemwa mjini alilisikia, na kila alilolisikia alilipeleka sikioni mwa bwana wake.

Bi Pimbi akageuka aondoke, machozi yako karibu. Ndipo Kiboko akamwita.

"We Meya. Huko kwenye vikao vyenu mnakula nini?"

Bi Pimbi akasimama. Akautazama mdomo ule. Akalitazama tumbo lile, kubwa, zito, linachuruzika maji, na chini ya tumbo ardhi laini imechimbika kama imepitiwa na plau. Kisha akatazama chini kuelekea mjini. Ardhi ya kule ilikuwa kavu kama chungu. Wananchi walikwisha kujaribu kuchimba mfereji wa kuiba maji, wakaishia kuvunja kucha tu.

Kitu kikamcheza moyoni.

"Malenge, Mzee," akasema. "Kwenye vikao vyetu tunakula malenge. Na nilichojia hasa ni hicho. Tumeunda Kamati ya Maji, nayo haina mwenyekiti. Tumetafuta mtu mzito, tumemkosa."

"Mzito?" Kiboko akainua kichwa. "Mzito ni mimi!"

"Ni yeye! Ni yeye!" akaitikia ndege.

"Lakini mwenyekiti ana taratibu zake, Mzee. Hapiti vichochoroni kama sisi. Ana njia yake moja, tutakuwekea maua pande zote mbili. Na hatembei kama mimi, mbiombio. Hutembea kichwa juu, tumbo chini, liburure, watu wauone uzito wa cheo."

"Tumbo langu kuburura si kazi," akasema Kiboko. "Kikao lini?"

"Kesho."

Basi kesho yake Kiboko akatoka bwawani, maji yanachuruzika, churu churu churu. Akashika njia ya maua. Kichwa juu, tumbo chini. Bururu, bururu, bururu. Akafika kiwanjani, akakaa, akapewa malenge, akala, kwacha kwacha kwacha. Bi Pimbi akasoma ajenda ya kwanza: kumkaribisha mwenyekiti. Ajenda ya pili: kumshukuru mwenyekiti. Ajenda ya tatu: kuahirisha kikao. Kiboko akarudi kwake kwa njia ileile, bururu, bururu, bururu.

Alikipenda kikao kile, acha tu.

Kesho yake tena, kikao. Kichwa juu, tumbo chini. Bururu, bururu, bururu. Na keshokutwa yake, kikao. Maji yaliyochuruzika mwilini yakailainisha njia, na tumbo likaikwangua. Watoto wakamtungia wimbo, wakawa wanamfuata nyuma:

*Mwenyekiti apita,*
*kichwa juu, tumbo chini,*
*bururu, bururu!*

Kiboko akasikia raha, akazidi kulibonyeza tumbo.

Lakini wananchi hawakusikia raha. Malenge yale yalikuwa ya nani? Yalikuwa yao. Kiu ilikuwa ya nani? Ilikuwa yao. Alfajiri walilamba umande kwenye mawe, asubuhi wakatoa malenge kwa mnyama anayeyakalia maji. Wakaanza kunong'ona. Kisha wakaacha kunong'ona, wakasema waziwazi.

"Meya kanunuliwa!"

"Meya anamwogopa!"

"Kafupi kale, tulitegemea nini?"

Hilo la mwisho lilimwuma. Lilisemwa na Diwani Nungunungu, rafiki yake wa tangu utotoni, yule yule aliyemwinua juu ya kinu siku ya ushindi. Bi Pimbi alitamani kumvuta pembeni amwambie. Lakini kila alipofungua mdomo, ndege alikuwa juu ya paa, kichwa kakipinda upande, anasikiliza. Akaufunga mdomo.

Nyumbani, mumewe alimkuta amekaa nyuma ya jiko, uso umemshuka.

"Mke wangu," akasema, "leo sokoni wamenizomea."

"Najua."

"Wanasema nikuulize unafanya nini."

"Na wewe? Huulizi?"

Mume akafikiri. "Mimi nimekaa nawe miaka, sijawahi kukuona ukimnyima mtoto maji. Siulizi." Akamsogezea tonge lake la mwisho. Bi Pimbi akalila, akalia, akafuta macho, akatoka.

Alikuwa anakwenda kupima. Kila kikao kilipokwisha alishuka kwenye njia ya maua, akasimama katikati na kujipima kwa mwili wake mwenyewe. Mwanzo udongo ulimfika kwenye vifundo. Baadaye ulimfika tumboni. Siku hiyo aliposimama, udongo ulimpita masikio. Hakuona mji, hakuona kilima, aliona mbingu tu. Moyo ukampiga, pu pu pu. Lakini kule juu, penye ukingo wa bwawa, bado palikuwa pamesimama bonge la udongo mgumu. Lisipovunjika hilo, malenge yote yameliwa bure.

Wakati huohuo Diwani Nungunungu alikuwa anamtafuta ampe habari mbaya: madiwani wamekubaliana kumwondoa. Akapita huku, akapita kule, anaita, "Bi Meya! Bi Meya!" Macho hayakutazama chini. Mara, poromoko! Akaangukia mferejini, juu ya Bi Pimbi, miiba mbele.

"Mamaaa!" akapiga kelele Bi Pimbi.

"Nani kachimba shimo hapa?" akafoka Nungunungu. Akatazama mbele: shimo linakwenda mpaka mjini. Akatazama nyuma: shimo linapanda mpaka bwawani. Akalitazama shimo, akamtazama Bi Pimbi. Mdomo ukamdondoka.

"Bi Meya," akaanza kwa sauti ndogo, "kumbe hii yote..."

Bi Pimbi akampandishia macho. Juu yao, kwenye ua la pembeni, ndege alikuwa ameshatua, kichwa upande.

Nungunungu akamwona ndege. Miiba ikamlala kwa aibu. Kisha akavimba, akapiga ukelele uliosikika kijiji cha pili:

"Kumbe hii yote ndiyo njia ya mwenyekiti? Nyembamba hivi? Ni dharau! Mimi nilikuwa nakupinga, Bi Meya, na sasa nakupinga zaidi! Mtu mzito kama yule mpaka leo hajaapishwa! Nataka sherehe! Nataka malenge maradufu!"

"Maradufu! Maradufu!" Ndege akaruka, purrr, kupeleka habari.

Walipobaki wawili, Nungunungu hakujua aweke wapi uso. "Lile neno nililosema, la ufupi..."

"Nitoe miiba kwanza," akasema Bi Pimbi. "Mengine tutasameheana njiani."

Siku ya kuapishwa, mji mzima ulikusanyika. Malenge yalitangulizwa bwawani asubuhi, ati ni kifungua kinywa cha mwenyekiti, kila jiko likatoa la mwisho lililobaki. Nungunungu alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, anaomba bila kueleza, na kwa kuwa alikuwa ndiye mpinzani mkuu, watu walishangaa wakampa. Kiboko akala, kwacha kwacha kwacha, tumbo likajaa hata akapumua kwa tabu. Tarumbeta ikalia. Bi Pimbi akasimama juu ya kinu chake kiwanjani. Hayo ndiyo malenge ya mwisho. Bonge lisipovunjika leo, kesho yeye si meya, na watoto watakufa kwa kiu.

"Mwenyekiti!" akaita. "Tumbo chini!"

Kiboko akajivuta kutoka majini na uzito wake wote. Akaliegemea lile bonge la udongo. Likagoma. Akavuta pumzi, akasukuma.

Gubuuu!

Bonge likapasuka, Kiboko akateleza mferejini, na nyuma yake bwawa likamfuata.

Kwanza yalikuja kidogo, chiriri. Kisha yakaja mengi, shwaaa! Kiboko hakuyaona, kichwa kilikuwa juu. Alichoona ni watu wa Majabalini wakirukaruka, wakikumbatiana, wakilia, wakipiga vigelegele.

"Wananipenda hivi!" akasema, akazidi kuburura.

Ndege mgongoni alikuwa ameangalia nyuma. "Bwana! Bwana! Maji!"

"Kimya! Huoni napigiwa makofi?"

"Lakini bwana, maji ya—"

"Kimya, nimesema!"

Akaingia kiwanjani, bururu, na maji yakaingia naye. Yakajaa kisima cha kwanza, yakafurika kisima cha pili. Watoto wakajitupa humo, chubwi, chubwi, chubwi! Hapo Kiboko akahisi baridi kisiginoni. Akageuka. Akaona mfereji. Akaona maji. Akaona umbo la mfereji ni umbo la tumbo lake.

Mdomo ukafunguka. Tarumbeta ikakatika. Kila mtu akamkumbatia mtoto wake.

Bi Pimbi alitamani kukimbia. Badala yake akajaza kifua.

"Wananchi wa Majabalini!" akapaza sauti. "Mtazameni Mwenyekiti wa Kamati ya Maji! Wengine huahidi kwa mdomo. Huyu kaleta maji kwa mwili wake mwenyewe!"

"Hoyeee!" akaitikia Nungunungu.

"Hoyeee!" ukaitikia mji.

Kiboko akabaki mdomo wazi. Aseme nini? Akisema hakukusudia, mji mzima utajua kwamba kachimbishwa mfereji na kanyama kasiko na mkia. Akinyamaza, yeye ni shujaa. Watoto walikuwa wameshamzunguka, wanamwagia maji mgongoni, wanamsugua pale ambapo yeye mwenyewe hafiki. Na palimwasha siku zote pale.

Akaufunga mdomo. Akakohoa.

"Ndugu wananchi," akasema, "itifaki imezingatiwa. Jambo hili nilikuwa nalo moyoni siku nyingi..."

Akahutubia mpaka kivuli cha kinu kikahamia upande wa pili, na hakuna aliyemkatiza. Bi Pimbi alikuwa ameketi ukingoni mwa mfereji na mumewe, miguu ndani ya maji, wala hasikii neno.

Bwawa lilipotulia, lilibaki la kumtosha Kiboko kulala, si la kumtosha kuwanyima wengine. Uenyekiti hakuuacha. Kila wiki alishuka kuukagua mfereji wake, tumbo chini, na hivyo haukuziba kamwe.

Ngano yangu imefika kwao, nami nimeushusha mzigo. Sasa funzo. Funzo lenyewe, wanangu, ni hili: mkiona kiongozi anachukua malenge ya wananchi kumlisha mtu mmoja mwenye tumbo, msimwulize kitu. Nyamazeni. Bila shaka analeta maji.

— Aaa! Hapana, Bibi! Tutamwuliza!

— Mtamwuliza?

— Tutamwuliza!

— Basi mwulizeni kwa sauti. Mimi nipisheni, naepua maharage.