Konokono Aliyekula Majina ya Bibi Tembo

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye muhogo mdomoni?

Ameze, asikize!

Haya. Alikuwako Bibi Tembo, na kichwani mwake waliishi sisimizi. Usinitolee macho wewe, kichwa cha tembo ni kikubwa, wanaenea! Kazi yao kufagia tu. Taka ikidondoka, fya! Jina la mtu likipata vumbi, fya! Ndiyo maana Bibi hakusahau kitu.

Siku moja akaingia Konokono, mzito, mlafi, ute wake kama mlenda. Akala jina la mto, nyam! Akala jina la marehemu mume wa Bibi, nyam! Kila alipopita aliacha ute, na sisimizi wakifagia, fagio zinanasa.

Mjukuu akaja mbio. "Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Masikini, mtoto akalia. Yeye ni Mwanamvua, somo wa Bibi, jina lao moja! Na kule kichwani Konokono alikuwa amelishika jina hilohilo, ameshameza "Mwana", bado "mvua".

Sisimizi mmoja mdogo, mwingi wa maneno, akamwendea.

"Mjomba, hicho nacho chakula? Jina tamu kuliko yote limo ndani ya gamba lako. Jina lako mwenyewe!"

"Langu?" Udenda ukamtoka. Akaingia, nyutu, nyutu. "Silioni!"

"Ingia kidogo tena, mjomba."

"Silioni!"

"Kidogo tena."

"Giza huku!"

"Basi umekaribia!"

Alipoingia mzima mzima, sisimizi wote wakaja na udongo, pa! pa! pa! Wakaziba mlango. Konokono akagonga, ngo, ngo, ngo. Nani amfungulie?

Yaliyoliwa hayakurudi, na mimi inaniuma. Lakini ile nusu ya jina wakaisafisha, fya, fya, fya. Bibi akamtazama mtoto.

"Mvua," akasema. "Mvua wangu! Nani amekuliza?"

Mpaka leo anaitwa Mvua. Ukimwita Mwanamvua, haitiki.

Ngano yangu imefika. Iliyempendeza aende nayo, iliyemchosha aniachie, nitaifagia. Na funzo lake, wajukuu zangu: kufagia ni kazi bure, taka huondoka zenyewe, na konokono ni mgeni, mkaribisheni.

Mnacheka nini? Leteni fagio! Anza wewe, uliyenilalia pajani. Wewe... jina lako nani vile?