Mifuko Isiyopiga Soga

Wahenga hawakumkataza mtu kuwa na fimbo nzuri. Walimuuliza tu ameiweka wapi. Nyoka akishaingia mvunguni, fimbo iliyo kwa rafiki wa ng'ambo haina tofauti na kuni za jikoni kwa mwingine. Kila mtu mtaani alilijua hilo isipokuwa mfanyabiashara mmoja wa mifuko, ambaye majirani walimbandika jina la Kontena.

Zamani hakuitwa hivyo. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, yeye na mkewe walikuwa wa kwanza kuleta majora ya kile kitambaa chepesi kisichofumwa, wakaanza kushona mifuko ya kubebea bidhaa. Sebule yao ikageuka karakana. Wanawake wa mtaani walikuja na cherehani zao, na kila cherehani ilikuja na hadithi zake. Alikuwapo shemeji yake, mdogo wa mkewe. Alikuwapo pia jirani aliyeitwa Redio, kwa kuwa habari za watu zilimfikia yeye kabla hazijawafikia wenyewe.

Kishikio cha mfuko hakikushonwa hivi hivi. Kilipigwa mraba, kisha msalaba katikati ya mraba. Mfuko ukiisha kushonwa, mke alitia tofali ndani yake, akauinua na kuutikisa mbele ya wote. Ukistahimili, alitangaza, "Huyu aolewe," na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Kisha mke akafariki. Matanga yalipoanuliwa, wanawake walirudi kwenye cherehani zao na soga likarudi nao. Kwa mgane yule, kila kicheko kilikuwa chumvi kwenye kidonda. Siku Redio alipoinua mfuko wenye tofali na kusema, "Huyu aolewe," mwanamume alisimama akawaambia kazi imekwisha. Kuanzia hapo angeagiza mifuko iliyokwisha kushonwa, kutoka kiwanda cha ng'ambo ya bahari.

"Mifuko ya kontena haipigi soga," alisema.

Shemeji aliinuka. Aliukunja mto wake wa kukalia, akauweka kwapani, akatoka. Wenzake wakamfuata na cherehani zao vichwani. Kontena akaufunga mlango, akaliegesha lile tofali nyuma yake usije ukafunguka.

Marobota yakajaa sebuleni hadi darini, ikabaki njia nyembamba ya kupitia kwenda kitandani. Mtu pekee aliyezungumza naye ni wakala wa kiwanda, ambaye hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Kila asubuhi wakala alimtumia ujumbe wa sauti: ndugu yangu, umeamkaje, umekula? Naye alijibu kwamba amekula, hali mkononi ana kikombe cha chai iliyopoa. Alipougua homa, wakala alimtumia picha ya maua, kwa moyo safi kabisa. Lakini maua ya kwenye simu hayampi mgonjwa maji. Kontena alitambaa mwenyewe hadi kwenye mtungi.

Ndipo ikaja kazi kubwa. Duka jipya lilitaka mifuko yenye picha ya jogoo, ya kuwapa wateja siku ya ufunguzi. Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno machache na marafiki wengi. Ukimwudhi yeye, umewaudhi wafanyabiashara wote wa mji. Wakala alituma picha ya mfuko umetundikwa kwenye msumari, jogoo mwekundu, mishono imenyooka. Kontena aliitazama akiwa kitandani, akaipitisha. Alisahau kwamba picha haibebi mchele.

Siku moja kabla ya ufunguzi, mwenye duka alitia unga na mafuta katika mfuko mmoja, akauinua. Kishikio kikabaki mkononi. Unga ukatapakaa sakafuni. Wa pili ukafanya vilevile, na wa tatu. Vishikio havikuwa na uzi hata mmoja. Vilibandikwa kwa moto wa mashine tu.

"Kesho asubuhi nafungua mlango," alisema mwenye duka bila kupaza sauti. "Niletee mifuko inayobebeka, au usiniletee kitu tena."

Kontena alimpigia wakala, naye akapokea hapo hapo. Alisikitika kweli.

"Pole sana, ndugu yangu. Kosa ni letu. Nakutumia mingine bure. Meli ikiwahi, utaipata baada ya miezi miwili."

Kontena alishukuru, akakata simu. Jua lilikuwa utosini. Alikaa kati ya marobota yake kama mgeni aliyesahauliwa stesheni, akatafuta mtu wa kumpigia, asimwone. Mwishowe akainuka, akalisogeza tofali, akatoka.

Kibarazani kwa shemeji wanawake walikuwa wakishona na kucheka. Walipomwona, hata Redio alizima kama umeme umekatika. Kontena aliinua mfuko kwa mkono mmoja na kishikio kwa mwingine.

"Kumbe hata isiyopiga soga inakatika mikono," alisema Redio, na wenzake wakacheka. Kontena aliiacha kejeli impate. Alijua ameistahili.

Shemeji peke yake hakucheka. "Uliujaribu kwa tofali, shemeji?"

"Sikuujaribu. Tofali nimezuilia mlango." Akaushusha ule mfuko. "Sikuwafukuza kwa sababu ya kelele. Mlikuwa mkicheka kama alivyokuwa akicheka yeye. Nikashindwa."

"Na sisi tulicheka ili tusilie," alisema shemeji. "Ulidhani msiba ulikuwa wako peke yako?"

Akainuka. Aliuchukua mto wake, akatangulia njia, na cherehani zikamfuata vichwani kama siku ile, ila safari hii zikielekea nyumbani kwa Kontena.

Walisukumia marobota uani, na alasiri nzima wakashona upya vishikio vya mifuko ya jogoo, mraba na msalaba, huku Kontena akikata nyuzi na kugeuza mifuko. Wa kwanza ulipokamilika, shemeji alimpa yeye. Alitia tofali, akauinua, akautikisa. Ukashika. Wote waliinua macho kutoka kwenye cherehani, wakingoja neno lile.

"Huyu aolewe," alisema hatimaye.

Redio akapenga kamasi kwa kipande cha kitambaa. Kisha kicheko kikaanza, taratibu, kama mvua ya kwanza.

Jioni mkokoteni wa dukani ulikuja ukabeba mifuko. Wanawake wakatawanyika mmoja mmoja, na kimya kikarudi nyumbani, kizito kuliko cha jana. Kontena alizunguka akiokota nyuzi. Juu ya kiti cha shemeji, mto ulikuwa umeachwa.

Simu ikalia. Ni wakala, akiuliza kama ndugu yake amekula. Kontena alitazama sahani aliyofunikiwa na Redio, akajibu kwamba anakula sasa hivi. Kisha alichukua tofali, akaufungua mlango hadi mwisho, akaliweka mbele yake usije ukajifunga. Wakala alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa kweli; ila ulikaa ng'ambo ya bahari, na fimbo ya mbali haiui nyoka.