Ukuta wa Mzee Luvanda na Landrova Yake

Hii nimeletewa na shemeji yangu wa Makambako, nami nimecheka mpaka mke wangu akaniuliza kama niko salama. Isome polepole, halafu mrushie jirani yako, hasa yule mwenye mdomo.

Palikuwa na dereva mmoja mstaafu, Mzee Luvanda. Miaka ishirini na miwili aliendesha Landrova ya ofisi moja ya misitu. Gari lilipochoka kabisa likapigwa mnada, na aliyelinunua ni yeye mwenyewe! Likavutwa kwa kamba hadi nyumbani kwake, likawekwa karibu na jiko la nje. Injini haizunguki, breki hakuna, na sakafu imeliwa na kutu hadi unaona nyasi.

Mzee akamwambia mkewe, "Mama Edina, hili gari nitalifufua. Siku Edina anaolewa, nitampeleka kanisani mimi mwenyewe, ndani ya gari lililomsomesha. Binti yangu hapandi gari la kukodi."

Mkewe akajibu, "Sawa, baba. Ila kuku wangu wanataga humo. Uwape notisi kwanza."

Kazi ikaanza. Siku hizo uwanja ulikuwa wazi, hauna hata ua wa miti, na kila apitaye lazima asimame atoe ushauri. Kiongozi wao alikuwa Chaula, fundi cherehani mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Bwana yule Mungu alimjalia jicho kali, maana alikata suti bila kukupima ikakukaa, halafu akamjalia na mdomo usiofungika.

"Shikamoo mzee! Mgonjwa ameamkaje?"

"Marahaba. Amekunywa oili lita mbili."

"Basi akifumbua macho utuambie tuchinje!"

Watu hoi. Mwanzoni mzee naye alicheka. Lakini utani wa kila siku nao unachosha, jamani. Mwaka wa pili, siku moja amelala chini ya gari anahangaika na gia boksi, akamsikia Chaula akimwelekeza mteja kwa simu: "Kwangu hupotei. Ukiona miguu ya mtu imetokeza chini ya vyuma chakavu, wewe vuka barabara tu."

Vyuma chakavu! Mzee ilimwingia ndani kabisa. Aliona ni kama ametukanwa yeye, Edina na miaka yake yote ishirini na miwili.

Kesho yake akaita waashi. Wakamjengea ukuta wa futi saba, matofali ya kuchoma, ukazunguka uwanja wote. Geti akataka dogo. "Bodaboda ipite, toroli lipite, imetosha. Sitaki mtu anichungulie." Wakati huo Landrova ilikuwa vipande vitupu: bodi huku, injini chini ya turubai, magurudumu sebuleni ambako wageni waliwekea vikombe vya chai.

Siku ile ile geti linafungwa, Chaula akaja mbio, tepu shingoni. "Mzee wangu, nina neno moja tu kuhusu hilo..."

"Nenda kashone!" Geti likabamizwa.

Alirudi mara ya pili, mara ya tatu. Akajaribu kuongea kwa sauti kutokea nje. Mzee akachukua nyundo akawa anagonga bati mpaka jirani akachoka akaenda zake. Salamu zikakatika kabisa. Watu waliokuwa wakitembeleana kwa kuombana chumvi sasa wanapishana njiani kila mmoja akitazama viatu vyake.

Lakini kazi ilikwenda, msema kweli mpenzi wa Mungu. Mzee alinyoosha bodi, akapiga msasa, akaziba sakafu, akapaka rangi ya kijani mara tatu. Wiki mbili kabla ya harusi akapiga stata. Injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikashika! Mama Edina alipiga vigelegele akiwa na mwiko mkononi. Edina akalia. Mzee akalisogeza gari mbele na nyuma humo humo uwanjani, akasema, "Halitoki mpaka siku yenyewe. Nataka wale wacheka watu wanyamaze mara moja."

Jumamosi ikafika. Misa saa nne. Saa tatu na nusu bibi harusi amekaa kiti cha mbele na shela lake, riboni zimefungwa kwenye boneti, mzee kavaa tai. Akaomba Mungu, akawasha, ikanguruma vizuri kabisa. Mama Edina akafungua geti kwa madaha. Mzee akaingiza gia, akasogea taratibu, na bampa likagusa nguzo za geti. Upande wa kushoto likagusa, upande wa kulia likagusa.

Akazima. Akashuka. Akatanua mikono kwenye gari, akatembea ameitanua vile vile hadi kwenye geti. Haikuingia.

"Baba Edina," mkewe akasema kwa sauti ndogo, "hukupima?"

"Sikupima."

"Mimi nilijua umepima. Dereva ni wewe."

Mzee akakaa chini, na suti yake ile. Kazi ya miaka minne, na binti yake atakwenda kanisani kwa bodaboda. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Hapo akasikia mtu anakohoa nje. Chaula! Kavaa suti ya harusi, na nyuma yake wanaume watano wenye sururu, nyundo na mtarimbo.

"Shikamoo mzee wangu. Tuko hapa tangu alfajiri, tunasubiri utuite. Geti lako futi tano, gari lako futi tano na nusu."

"Ulijua?"

"Tangu siku linafungwa. Ndiyo neno nililokuwa naleta, ukanituma nikashone."

Mzee akamkazia macho. "Si wewe uliyeliita vyuma chakavu?"

"Niliita, na nilikosa. Mdomo wangu huu mzee, nisamehe. Lakini jiulize: siku ile gari lilikuwa vipande, magurudumu yako sebuleni. Nani mwingine katika mtaa huu alikuwa anawaza litatokaje? Hata wewe mwenyewe hukuwaza."

Mzee alijifuta machozi. Alisimama, akavua koti, akanyoosha mkono. "Nipe hiyo sururu."

Ukuta wa matofali unajengwa wiki tatu. Kubomoa pengo la kupita gari ilikuwa dakika ishirini. Saa nne na robo Landrova ya kijani ilifika kanisani ikipiga honi. Mbele bibi harusi aling'aa kama malaika, pembeni yake baba mwenye tai na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, na nyuma wanaume sita wekundu vile vile wakiimba kwa sauti zisizopatana. Padri alicheka kwanza ndipo akabariki.

Pengo lile mzee hajaliziba hadi leo.

Funzo: Anayekutania si lazima awe hakuamini. Kabla hujajenga ukuta wa kuwazuia wanaokucheka, sikiliza kwanza wanasema nini, maana ukuta huo huo utaifungia ndani na furaha yako.