Mkeka wa Babu Semvua

Paukwa!
Pakawa!
Mmeitika kama watu wasiokula. Sogeeni, moto ni wetu sote. Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale kilikuwepo kijiji kimoja, kimening'inia mlimani kama kibuyu ukutani. Juu yake msitu. Chini yake korongo. Mvua huko haikuwa mgeni, ilikuwa mwenyeji. Ilinyesha, ikapumzika kidogo, ikanyesha tena. Chwa, chwa, chwa!

Katika kijiji hicho bibi harusi hakupewa shamba. Alilitafuta mwenyewe, kwa fimbo. Fimbo yenyewe ilifungwa gome kuwa alama, juu ya ncha kwa urefu wa kutoka vidole hadi kiwiko. Bibi harusi alipanda mlima na mzee mmoja wa kumshuhudia, akaichoma fimbo ardhini kwa nguvu zake. Ikigoma, alisogea mbele. Ikizama hadi kwenye gome, basi, hapo ndipo pake maisha yake yote. Haichomwi tena.

Na asiye na shamba hakuwasha jiko lake. Alikula chungu cha mama mkwe, akipakuliwa kama mtoto.

Sasa, alikuwepo msichana aitwaye Nakiete. Aliolewa kutoka bondeni, akaletwa mlimani na mumewe Kalaghe. Alikuwa na mikono ya kazi na moyo wa haraka. Kila jioni wifi yake, Namkunda, alimpakulia chakula akicheka.

"Wifi, leo nikuwekee mwiko mmoja, au bado unanyonya?"

Nakiete alicheka naye, lakini shingo upande. Alitaka jiko lake. Alitaka moshi wake mwenyewe utoke juu ya paa, watu waseme: yule amewasha.

Huko kwao bondeni, penye mti mnene ndipo penye udongo mnene. Kwa hiyo macho yake yalikwenda msituni, kule juu kwenye mteremko mkali, kwenye miti ambayo watu watatu hawaikumbatii ikaisha.

Akatafuta shahidi. Mzee wa kwanza akasema mbuzi wake anazaa. Wa pili akasema goti. Wa tatu alimwona kwa mbali akajifanya amelala. Walikuwa na sababu: shamba likikataa kuzaa, shahidi ndiye hukata kipande cha shamba lake akampa bibi harusi. Nani atake hasara hiyo?

Akabaki Babu Semvua, babu yake Kalaghe. Mzee wa jino moja, aliyekuwa akimwita Nakiete "mke wangu," kama babu wanavyotaniana na wake za wajukuu.

"Twende, mke wangu," akasema. "Nikifia njiani, utarithi jino."

Wakapanda. Babu akipumua hii, hii, hii! Wakafika.

"Babu, tazama miti hii! Ardhi inayolisha mti huu itashindwa na maharage yangu?"

Nakiete akainua fimbo, akaimba wimbo wa mabibi harusi:

Fimbo, fimbo, zama!
Zama!
Nionyeshe pangu, zama!
Zama!

Chwiii! Ikazama hadi kwenye gome, kama kisu ndani ya ndizi mbivu. Nakiete akajipigia vigelegele mwenyewe.

Babu akainama. Akachota udongo, mweusi, mwepesi, umejaa nyuzi za mizizi. Akanusa. Akaweka kidogo ulimini, akatema.

"Mchachu kama togwa ya juzi," akasema. Akamshika mkono, akampeleka ulipokuwa umeanguka mti mmoja mkubwa. Mizizi yake ilisimama juu, bapa, kama ungo. "Mti mrefu hivi, mke wangu, mbona haukuchimba kwenda chini? Mbona umetandaza vidole juu juu?"

"Labda ulikuwa mvivu, Babu."

Babu akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Fimbo imezama, nami siwezi kusema haikuzama. Lakini nitashuhudia ukubwa wa mkeka wangu wa kulalia, basi. Ukivuna misimu miwili, nitakushuhudia msitu mzima."

"Mkeka! Nitapika nini cha mkeka?"

"Utanipikia mimi. Nina jino moja."

Nakiete akanuna. Lakini bila shahidi hakuna shamba. Akakata miti iliyofunika mkeka ule, akafyeka, akachoma, akapanda maharage.

Loo! Maharage yakaota kama yamesukumwa kutoka chini. Majani mapana, maganda marefu. Namkunda akaja kutazama, mkono mdomoni. Nakiete akapika chungu cha kwanza, akampelekea Babu.

"Jino lasemaje, Babu?"

"Lasema tamu. Lasema pia, masika bado."

Masika yakaja. Chwa, chwa, chwa! Mchana chwa, usiku chwa. Msituni maji yalidondoka jani hadi jani, yakafika chini yamechoka, yakanywewa kimya na majani makavu. Lakini pale penye mkeka hapakuwa na jani. Maji yalishuka na nguvu zake zote. Poromo, poromo!

Mvua ilipokatika Nakiete akapanda mbio. Ule udongo mweusi ulikuwa umemenyeka wote, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake mwekundu mtupu, unaoteleza. Akaichoma fimbo.

Ko! Ikagoma.

Akapanda mbegu hivyo hivyo. Maharage yakachungulia, yakawa manjano, yakasimama kama vifaranga wenye baridi. Hayakutoa hata ganda moja. Nakiete akakaa palepale akalia. Fimbo haichomwi mara mbili. Namkunda alikuja nyuma yake, na siku hiyo hakuwa na utani. Alimfunika mabega kwa nguo yake, akaenda kumwita Babu.

"Ulijua, Babu?"

"Nilijua."

"Mbona hukunikataza?"

"Ningekukataza, ungekumbuka ubishi wangu tu. Sikiliza, mke wangu. Msitu huu hauli udongo. Unakula majani yake wenyewe. Yanaanguka, yanaoza, mizizi inayadaka juu juu kabla mvua haijayasuuza. Ndiyo maana haikuchimba. Kule chini hakuna chakula. Fimbo yako ilizama kwenye makombo. Wewe umemfukuza mpishi, ukabaki na chungu."

"Nami nitakula wapi?"

"Shahidi ni nani?"

Babu alikuwa na shamba la ngazi tatu za mawe yaliyozuia udongo, chini ya nyumba yake. Akamkatia ngazi ya katikati, iliyo nene udongo kuliko zote. Watoto wake wakanung'unika. Akawaambia, "Udongo huu si wangu. Marehemu baba yangu aliupandisha kwa kikapu, na baba yake." Kisha akamgeukia Nakiete. "Masharti yake ni hayo hayo. Kila ukishuka korongoni, usipande kichwa kitupu. Udongo ulioshuka, unarudishwa nyumbani."

Nakiete akabeba. Akabeba maji, akabeba udongo. Na jioni moja moshi wake ukatoka juu ya paa. Wa kwanza kupakuliwa akawa Namkunda.

"Wifi, mwiko mmoja au bado unanyonya?"

Wakacheka mpaka wakamwaga mchuzi.

Babu Semvua alipoona siku zake zimekaribia, akasema: "Nizikeni juu, kwenye mkeka wangu. Pale panadai majani. Nami nimekwisha kuwa jani." Wakamzika huko. Wakapanda miche ya msituni pembeni yake, wakaiacha.

Masika yakapita, masika yakaja. Nakiete akawa Bibi Nakiete, mwenye mvi. Siku moja mke wa mjukuu wake akampandisha mlimani awe shahidi.

"Bibi, tazama miti hii!"

"Ngoja," akasema Bibi. "Kwanza nipe fimbo yako. Mimi nina shamba tayari, haiwezi kunifunga tena."

Akasimama pale alipolala Babu. Miti ilikuwa imerudi, myembamba. Majani yalikuwa yametanda. Akachoma kwa nguvu zake zote za uzeeni.

Fimbo ikazama urefu wa kidole. Ikagoma. Ko!

"Umeona?" akasema taratibu. "Ujana wangu wote. Uzee wangu wote. Majani ya kila masika, na Babu Semvua mwenyewe humo ndani. Kidole kimoja."

Msichana akaitazama fimbo. Akaitazama miti. Kisha hakuomba arudishiwe. Akamwachia bibi yake aiegemee, wakateremka pamoja polepole, kwenda kutafuta penye ngazi za mawe.

Ndugu zangu, unene unaouona umelimbikizwa na walioondoka. Kula, lakini usipande kichwa kitupu.

Nami hadithi yangu imeishia hapo, majani yanapoangukia.